Theluji haitakusafishia bustani

Kila Oktoba nasikia neno lilelile kwenye bustani za kukodi hapa Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Namwonyesha mtu vidukari wa kijivu waliojazana chini ya majani ya sukuma wiki, naye ananijibu kwa upole, "Mwalimu, usijisumbue, baridi inakuja itawamaliza." Wiki iliyopita niliambiwa hivyo mara tatu kabla ya saa sita mchana. Leo tumalizane.

Wadudu hawa wanaijua baridi kuliko sisi tuliozaliwa Kisii na Mwanza. Januari 2019 kipimajoto cha mji huu kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri, na kiangazi kilichofuata vipepeo weupe wa kabeji walikuwa hewani kama kawaida. Hawakukaa nje wakitetemeka. Kipepeo huyo hupitisha baridi akiwa pupa, amejibandika kwenye bua au ubao wa uzio. Kidukari mwenyewe hustahimili sakitu za kwanza, yaani umande ulioganda. Baadaye hufa, lakini ameshaacha mayai meusi kwenye shina, shina lilelile ulilolisahau likiwa limesimama. Wale wadudu wa kahawia wanaonuka ukiwaponda, wanaofyonza maboga, hujificha wakiwa wazima chini ya majani makavu na mbao. Kiwavi anayetoboa shina la boga huteremka udongoni, akajifunga kwenye kifuko chake. Wengi wao mwilini wana kemikali zinazozuia maji yao yasigande.

Halafu hiyo theluji mnayoitegemea ni blanketi. Hewa ikiwa nyuzi 30 chini ya sifuri, udongo uliofunikwa na theluji nene huenda ukabaki karibu na sifuri tu. Mwaka wenye baridi kali na theluji haba ndio angalau unaowaumiza.

Nikubali jambo moja: yule kiwavi mdogo wa kijani anayejinyonganyonga ukimgusa, mtoto wa nondo mgongo-almasi, kwa kawaida havuki baridi ya Minnesota. Ila mwaka ujao nondo wapya huletwa na upepo kutoka kusini, kwa hiyo hapo pia usishangilie.

Kinachowapunguza ni kuwanyima maficho. Mabua ya maboga yaondoe mara mavuno yanapoisha. Mbao zilizolala ovyo ziinue, isipokuwa moja: huo ndio mtego wangu, na sichoki kuusifu. Ulaze jioni kando ya maboga, asubuhi ugeuze, uwakung'utie wale wadudu wa kahawia wote kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Hugharimu senti.

Wengine huniambia, "Nitapulizia dawa sasa ili wasirudi." Aliyekwisha kuingia ardhini hapati hata tone. Weka hela yako.

Au, "Mabua nitayatupa kwenye mboji." Rundo lako lina moto? Lisipofika nyuzi 55 na kugeuzwa, umewajengea nyumba ya kulala.

Majivu tuliyofundishwa na bibi zetu yanasaidia kidogo yakiwa makavu. Mvua moja, yamekwisha, na ukiyarundika kila mwaka udongo unaharibika.

Kitambaa cha kufunika mimea ni kizuri, lakini usikitandike majira ya kuchipua palepale palipokuwa na maboga mwaka jana. Adui anatoka ardhini, nawe umemfungia ndani na chakula. Hamisha tuta.

Na vile vidudu vyekundu vyenye madoa vinavyojaa dirishani Oktoba havijafuata mboga zako, vinatafuta joto. Fagia.

Siwaambii mng'oe sukuma wiki kesho. Inavumilia sakitu, na baada yake inakuwa tamu zaidi. Endeleeni kuchuma, vidukari mkivipiga maji ya mpira kwa nguvu upande wa chini wa jani. Majani yakianza kulegea moja kwa moja, ng'oa shina na mizizi yake, tia mfukoni, toa bustanini. Ukingoja Desemba, jembe litadunda kama limegonga lami.