Kimbunga cha Marekani Hakipandishi Petroli ya Nairobi Usiku Mmoja

Kimbunga kikitajwa tu kwenye taarifa ya habari, wenye malori na mameneja wa sako za matatu wanauliza swali lile lile: tujaze madebe leo kabla bei haijapanda? Hapana. Imesemwa mara nyingi, na bado yadi za Industrial Area hujaa madebe ya dizeli kila msimu wa vimbunga.

Dhana: janga likitokea ng'ambo leo, kesho bei itapanda hapa.

Bei ya juu kabisa ya pampu hutangazwa na EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na mafuta, tarehe 14 ya kila mwezi na kuanza kutumika usiku huo hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Kituo kikizidisha hata senti kumi katikati, kinavunja sheria, kiripoti. Tena bei hiyo hukokotolewa kwa shehena zilizokwisha kushushwa Mombasa, si kwa meli ambayo bado inapakia. Tangazo la Desemba hulinganisha gharama ya Oktoba na ya Novemba. Mshtuko wa kweli hutufikia baada ya wiki kadhaa.

Na wengi wanafuatilia bei isiyowahusu: ya pipa la mafuta ghafi. Kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kiliacha kusafisha mafuta 2013. Tangu hapo tunaagiza petroli, dizeli na mafuta taa yaliyokwisha kusafishwa, mengi kutoka Ghuba. Kimbunga Harvey cha Agosti 2017 kilisimamisha takriban robo ya uwezo wa Marekani wa kusafisha mafuta. Mafuta ghafi ya huko yakashuka bei, kwa sababu viwanda vya kuyanunua vilikuwa vimefungwa, huku petroli ikipanda. Aliyetazama pipa peke yake alisoma habari kinyume kabisa. Sisi huguswa pale Amerika inapoanza kuvuta petroli kutoka Ulaya na Asia, na wanunuzi wa huko nao wakaigeukia Ghuba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tangazo la EPRA hutaja gharama ya mafuta yaliyoshushwa kwa dola kwa kila mita ya ujazo, yaani lita 1,000. Ikipanda dola 10, na dola moja ni shilingi 130, ongezeko ni shilingi 1.30 kwa lita. Weka VAT, tuseme asilimia 16 kama ilivyowekwa Julai 2023, unafika kama 1.50. Ushuru wa bidhaa na ada ya barabara hutozwa kwa lita, kwa hiyo havisogezwi na kimbunga chochote. Lori linalokunywa lita 400 kwenda Mombasa na kurudi litaongeza shilingi 600. Kwa hizo 600 mtu anaweka dizeli kwenye madebe kando ya mafundi wanaochomelea! Ukitaka kuokoa kitu, subiri tangazo la jioni ya tarehe 14: bei ikipanda, jaza tangi la gari kabla ya saa sita usiku; ikishuka, ngoja asubuhi.

Dhana: ukame haugusi mafuta.

Unagusa, ila kupitia bili ya stima. Maji yakipungua Masinga na mabwawa mengine ya Mto Tana, mitambo ya mafuta huwashwa zaidi. Angalia mstari wa gharama ya mafuta kwenye bili yako, si pampu.

Dhana: mafuriko ya hapa nyumbani hupandisha bei.

Mei 2024, katikati ya mafuriko makubwa, EPRA ilishusha petroli ya Nairobi kwa shilingi 1 na dizeli kwa shilingi 1.20. Mafuta hutufikia kwa bomba kutoka Mombasa. Barabara ikikatika, kinachotokea ni vituo vya mbele huko kukauka.

Cha kuogopa baada ya mafuriko ni maji ndani ya tangi la kituo. Petroli na dizeli huelea. Maji hutulia chini, karibu na mahali pampu inapofyonza. Mwombe mhudumu apake dawa ya kupimia maji kwenye ncha ya fimbo, aishushe hadi sakafu ya tangi: ikibadilika rangi, ondoka. Mwenye dizeli afungue kizibo cha chini cha chujio la kutenganisha maji kila asubuhi kabla ya kuwasha, atoe kidogo kwenye chupa safi na kuangalia kama kuna tabaka mbili. Injini ikianza kukohoa mara tu baada ya kujaza, izime papo hapo. Usiendelee kupiga stata, maana maji yakifika kwenye nozeli za injini utazinunua zote upya. Tunza risiti na ile chupa. Bila hivyo viwili, mwenye kituo hatakulipa.