Klachi Mpya Imelala? Ngoja Kwanza, Usishushe Giaboksi

Wiki jana aliingia gerejini kwangu hapa Nakuru dereva wa matatu ya Njoro, amenuna kweli. Siku mbili nyuma fundi mwingine alikuwa amemwekea klachi mpya yote: diski, presha pleti na beringi. "Fundi, nimemwaga pesa na klachi bado inalala," akaniambia. "Asubuhi naipampu mara tatu ndiyo gia ya kwanza iingie." Makanga wake alishaanza kuniuliza kushusha giaboksi kutachukua saa ngapi.

Sikushusha. Hiyo "naipampu mara tatu" ilishanipa nusu ya jibu. Klachi yenyewe ikiwa mbovu, hata upampu hadi jioni haibadiliki. Pedali ikiamka kwa kupampu, tafuta kwenye oili na silinda.

Kwenye magari kama hilo, pedali inasukuma silinda ya juu, oili ya breki inashuka kwa paipu hadi silinda ya chini pale giaboksi, nayo inasukuma uma wa klachi, ule mkono unaoachanisha diski na injini. Fundi akishusha giaboksi na kufungua paipu, hewa inaingia. Oili haiminyiki, hewa inaminyika, kwa hivyo mguu unaishia kuminya hewa.

Nilimwambia apampu haraka, kisha aukandamize mguu bila kuachilia. Ingekuwa hewa peke yake, pedali ingekuwa ngumu na kubaki pale pale. Yake ilikuwa ngumu, halafu ikaanza kuzama polepole chini ya mguu. Nilipapasa nyuma ya pedali, nikakunja raba ya silinda ya chini: kukavu kote. Oili haikuwa inavuja nje, ilikuwa inarudi nyuma kupitia raba za ndani za silinda ya juu.

Mbona silinda ife wiki ile ile ya kubadilisha klachi? Mafundi wengi hatulisemi hili. Kwa miaka raba ile imekuwa ikitembea sehemu moja tu ya silinda. Mbele yake kumejikusanya uchafu na kutu. Siku ya kutoa hewa, msaidizi anakanyaga pedali hadi sakafuni, raba inapita juu ya ile kutu na kuchanika. Mimi kwa gari kuukuu naweka kipande cha mbao chini ya pedali isifike mwisho. Na tafadhali, usijazie oili ya stelingi wala ya injini. Soma kifuniko: kikisema DOT 3, ambayo ni aina ya oili ya breki, weka DOT 3. Hizo za stelingi na injini zinavimbisha raba.

Pedali ikiwa nzuri lakini gia inakwaruza, kanyaga klachi, hesabu hadi tatu, kisha weka rivasi polepole. Ikikwaruza, diski bado inazunguka na injini. Tazama silinda ya chini mtu akikanyaga. Uma ukisogea kidogo tu, rudi kwenye hewa na silinda. Ukisogea vizuri, hapo ndipo ndani kuna kesi: diski imepinda kwa sababu giaboksi iliachwa ining'inie kwenye shafti wakati wa kufunga, au imewekwa kinyume. Hilo la kinyume nalijua kwa uchungu. Nililifanya kwenye Probox ya mteja, nikashusha giaboksi mara ya pili bila malipo, siku nzima.

Kuna na kinyume chake: klachi inashikia juu kabisa, injini inalia lakini gari halipandi mlima. Angalia uchezaji wa pedali, yaani inavyoshuka bure kabla haijaanza kusukuma silinda. Kwa Toyota nyingi ni milimita 5 hadi 15. Uchezaji huo usipokuwepo, fimbo ya pedali inazuia silinda ya juu kurudi mwisho, oili inabaki na presha, na diski mpya inateleza ikijichoma. Legeza fimbo kabla hujapanda Mau Summit na abiria. Kwa magari mengi ya klachi ya waya, kurekebisha upya baada ya diski mpya ni lazima.

Yule dereva nilimbadilishia silinda ya juu, tukatoa hewa, gia ikaingia bila kupampu. Akaomba ile silinda kuukuu aende amwonyeshe fundi wake. Nikampa, ila nikamwomba asiseme imetoka wapi.