Mbwa anapokula chakula chenye sumu: dhana potofu na ukweli

Katika nyumba nyingi za Nairobi, mbwa akila kitu kibaya, watu hukimbilia maziwa kwa dhana kwamba maziwa huua sumu. Ukweli ni kwamba hayazuii madhara ya chokoleti, ya vitunguu wala ya zabibu kavu. Mbwa wengi wazima hata hawayasagi vizuri, na wakianza kuhara daktari hushindwa kujua dalili ipi imeletwa na nini.

Maji ya chumvi, ambayo wengine humnywesha mbwa ili atapike, ni mabaya zaidi, kwa sababu chumvi ikizidi mwilini huathiri ubongo na inaweza kuleta degedege. Mafuta ya kupikia nayo huweza kupotea njia yakaingia mapafuni, na makaa ya jiko yaliyosagwa si ule mkaa maalumu ambao daktari hutumia kunasa sumu. Daktari wa mifugo ana sindano ya kumtapisha mbwa, ila hufaa zaidi katika saa mbili za mwanzo, nazo ndizo saa ambazo sisi huzimaliza jikoni tukijaribu hiki na kile.

Wapo wanaosema kwamba kitunguu kikiiva hakina neno. Joto haliondoi sumu yake, inayovunja chembe nyekundu za damu, na mbwa anayemwagiwa mchuzi juu ya ugali kila jioni anaweza kuila kidogo kidogo bila mtu kushuku.

Ipo pia dhana kwamba mbwa anayecheza ameponea. Zailitoli, sukari mbadala iliyo katika baadhi ya chingamu, huweza kushusha sukari ya damu ndani ya nusu saa, ilhali figo zilizoharibiwa na zabibu huonyesha dalili baada ya siku moja hadi tatu, na kitunguu huchukua siku kadhaa.

Kiasi nacho kina uzito wake. Gramu 100 za chokoleti ya maziwa zinaweza kumfanya mbwa wa kilo 10 atapike na kuhangaika. Kiasi hichohicho cha chokoleti nyeusi kinaweza kumletea degedege. Kwa hiyo mpigie daktari mara moja, hata kabla ya dalili, umweleze uzito wa mbwa, alichokula, kiasi na saa, kisha ubebe pakiti yenyewe. Usipunguze kiasi kwa kuona haya, kwani matibabu hupimwa kwa maelezo hayo.