Kugeuza LaTeX ya Z kuwa Unicode si kazi ya tafuta-na-badilisha

Z ni lugha ya kihisabati ya kuandika maelezo rasmi ya mifumo. Huandikwa kwa LaTeX, yaani kwa amri za maandishi kama `\pfun`, au kwa Unicode, yaani kwa alama zenyewe. Juma hili, kwa mara nyingine, kijana ninayemfundisha hapa Tabora amenionyesha mistari michache ya sed, programu ya tafuta-na-badilisha, na kuniambia, "Mwalimu, zana maalumu ya kugeuza ni ya nini wakati hii inatosha?" Haitoshi, nami nimechoka kulieleza jambo hili kwa mdomo.

Zoezi lake lilihusu reli. Njia hugawanyika hapa, moja ikielekea Kigoma na nyingine Mwanza, na maelezo rasmi yalipaswa kusema kwamba kipande kimoja cha njia hakibebi treni mbili kwa wakati mmoja. Aliandika `\pfun` kutoka vipande kwenda treni, na hapo alikuwa sahihi. Lakini fonti yake haikuwa na ⇸, mshale wa amri hiyo (namba yake ya Unicode ni U+21F8), ikamwonyesha kisanduku kitupu, naye akaweka → kwa kuwa aliona mishale hiyo inafanana. Mshale wa kwanza unasema kwamba kipande kinaweza kuwa na treni moja au kisiwe nayo. Wa pili unasema kwamba kila kipande kina treni saa zote, yaani kutoka hapa hadi Kigoma hakuna hata mahali pamoja palipo wazi. Kikaguzi cha aina, yaani programu inayokagua kama aina za vitu zinaoana, hakitalalamika, maana sentensi hiyo haina kosa la sarufi wala la aina. Tatizo lilikuwa la fonti, na dawa yake ni kubadili fonti, si kubadili maana.

Zipo pia alama pacha. Alama ya `@` katika LaTeX hugeuka kuwa ⦁ (U+2981), si nukta ya orodha • (U+2022). Δ ni herufi ya Kigiriki U+0394, si U+2206. Na alama ya hali mpya, yaani thamani baada ya tendo, ni ′ (U+2032), si apostrofi ya kibodi. Kiwango cha kimataifa cha Z, ISO/IEC 13568 cha mwaka 2002, kimezitaja herufi hizi moja moja, na hapa kikaguzi hukataa, huku mwandishi akiukodolea macho mstari asioona kosa lake.

Sed inayobadilisha `\in` (∈) bila uangalifu huifanya `\inv`, ambayo ni amri nyingine, kuwa ∈v. Mistari ya `%%Zinword` huiona kama maoni ya kawaida, ilhali ndiyo inayoeleza amri fulani inasimamia jina gani. Zana ya kugeuza ya Community Z Tools huisoma mistari hiyo kwanza. Matokeo yatolewe kwa UTF-8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode kwa baiti, ambamo ℙ huchukua baiti 3 na 𝔽 baiti 4.

Mimi hutunza LaTeX kama asili, kwa sababu `\quad` (amri ya nafasi pana) na mpangilio wa kurasa havirudi vikishapotea, kisha hutoa Unicode upya kila mara. Uamuzi huu haujanituliza. Msomaji asiye na TeX, programu inayochapa LaTeX, husahihisha faili la Unicode, na kazi yake hufutika amri ikiendeshwa tena. Hadi leo masahihisho hayo nayarudisha kwa mkono, mstari kwa mstari.