Ushuru wa soko hauzoi taka jioni: fedha za kaunti hupita wapi

Malalamiko mengi yanayoletwa kuhusu fedha za kaunti nchini Kenya yana mzizi mmoja: mwananchi anaamini kwamba ushuru alioulipa sokoni asubuhi ungezoa taka za soko hilohilo jioni, kama si wizi. La. Sheria yenyewe hairuhusu.

Ibara ya 207 ya Katiba inaagiza mapato ya kaunti yaingie kwanza katika Mfuko wa Mapato ya Kaunti. Mkusanyaji akimlipa kibarua kutoka makusanyo ya siku, amekosea hata kama taka zimezolewa na risiti ipo. Ada za hospitali za umma ni jambo jingine. Tangu sheria ya 2023, kituo hubaki nazo na kuzitumia.

Kutoa fedha mfukoni humo ndiko kwenye kazi. Bunge la kaunti lazima liwe limepitisha sheria ya matumizi. Hazina ya kaunti huandika ombi, Msimamizi wa Bajeti (afisa huru wa kitaifa anayeidhinisha utoaji wa fedha za umma) hulilinganisha na sheria hiyo, na akiridhika ndipo fedha huhamishiwa akaunti ya matumizi. Ombi lenye kasoro hurudishwa, na mwanakandarasi hungoja. Afisa anayeidhinisha matumizi kinyume cha sheria huwajibika kulipa hasara mwenyewe, hata akiwa ameshaacha kazi (Ibara ya 226).

Kaunti hupata pia mgao wa mapato yanayokusanywa na serikali ya taifa. Asilimia 15 inayotajwa hapo ni kima cha chini cha mgao wa kaunti zote 47 kwa pamoja, si kiwango kilichofungwa. Tena hupimwa kwa hesabu za mwisho zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na hizo huwa za miaka iliyopita. Hazina ya Taifa inatakiwa kutoa fedha si baada ya siku ya 15 ya kila robo mwaka. Ikichelewa, kaunti yenye bajeti kamili hukosa hata mishahara, na lawama humwangukia gavana peke yake.

Ukitozwa ada usiyoifahamu, uliza imo katika kifungu gani cha Sheria ya Fedha ya kaunti, kwa kuwa Ibara ya 210 inakataza kodi au ada ya leseni isiyo na sheria. Mwenye lori la mahindi asome pia Ibara ya 209(5): kaunti haina ruhusa ya kutoza kwa namna inayodhuru usafirishaji wa bidhaa kati ya kaunti. Lalamiko liandikwe kwa karani wa bunge la kaunti, likiwa na nakala ya risiti, tarehe na jina la kizuizi cha barabarani ulikotozwa.