Maua ya herufi A, na maneno yaliyotugharimu bustani

Binti yangu ana miaka minane na jina lake linaanza na A. Mvua za masika zilipokaribia mwaka jana akaniambia, "Mama, kipande changu cha bustani nataka kiwe na maua ya A peke yake." Nikakubali. Tuko Kisumu, upande wa tambarare ya Kano, ambako udongo ni mweusi. Kiangazi hupasuka nyufa za kuingia vidole. Mvua ikinyesha hung'ang'ania viatu na maji hutuama juu yake siku mbili tatu. Tukapanda alizeti, asumini, agapanthasi na amarilisi. Kila ua lilikuja na maneno ya watu, na baadhi ya maneno hayo tuliyalipia.

Neno la kwanza lilikuwa hili: maua ya herufi moja ni ndugu, yatunzwe namna moja. Aliyetuuzia miche kando ya barabara alilisema kwa uhakika kabisa. Ukweli ni kwamba herufi iko mdomoni mwetu, haiko kwenye mmea. Alizeti ni wa ukoo mmoja na dalia na zinia. Asumini ni wa ukoo wa mzeituni. Amarilisi na agapanthasi ndio jamaa kweli, na jamaa yao wa jikoni ni kitunguu, lakini hata hao wawili hawapandwi vilevile. Tena fikiria lugha yetu wenyewe: asumini wengine huiita yasmini, na mmea wake ni mwasumini. Je, tuuweke kwenye A, Y au M?

Amarilisi ndiyo iliyotuumiza zaidi. Tuliambiwa tunguu lake, lile umbo kama kitunguu kikubwa, lizikwe lote "ili lishike". Tukalizika. Wiki zikapita, hakuna jani. Nilipolifukua, maganda ya nje yalikuwa makavu na mazima, rangi ya kahawia, ukadhani halina tatizo. Nikalibonyeza kidogo kwa kidole gumba na kidole kikazama. Ndani lilikuwa uji, na harufu ilikuwa ya kitunguu kilichosahauliwa chini ya kapu. Binti yangu alilia, nami nilijilaumu, maana udongo ule naujua.

Tunguu hilo hupandwa shingo ikiwa nje, pamoja na kama theluthi ya juu ya mwili wake. Kwenye udongo mweusi kama wetu, inua tuta kiasi cha sentimita 30, uchanganye mchanga mwingi na samadi iliyooza vizuri. Au tumia chungu chenye matundu chini. Tulirudia hivyo na tunguu la pili likatoa jani.

Na majani yakiwa ya manjano, usilitupe ukidhani limekufa. Limepumzika. Acha kulimwagilia kwa wiki nane hadi kumi, kisha urudishe maji kidogo kidogo, na shina la maua huchomoza mara nyingi kabla majani hayajakamilika. Jambo jingine ambalo sitaki mzazi yeyote alipuuze: tunguu la amarilisi lina sumu. Usiliweke kamwe karibu na vitunguu vya kupikia, na mbwa asilitafune.

Jina nalo limepotoka. Mengi yanayouzwa huku kama amarilisi, yale mekundu makubwa, kitaalamu ni Hippeastrum, asili yake Amerika Kusini. Amaryllis yenyewe ni ya eneo la Rasi, Afrika Kusini.

Agapanthasi, lile ua la buluu au jeupe linalokaa juu ya shina refu kama mpira wa tarumbeta ndogo, kwa Kiingereza limeitwa lili ya Nile. Hapa kwetu jina hilo lina madhara. Mto Nile si unatoka kwenye ziwa letu? Basi watu husema hili ni ua la ziwani, lapenda maji, wakalipanda pale mtaro wa bafu unapomwaga. Agapanthasi haitoki Nile hata kidogo. Ni mwenyeji wa kusini mwa Afrika, na mizizi yake minene imeumbwa kuhifadhi maji wakati wa ukame. Lipe jua la kutosha na udongo usiotuamisha maji. Chini ya mwembe litatoa majani mazuri na maua machache sana, au lisitoe kabisa. Dada yangu wa Nakuru analipata kwa urahisi zaidi, kwa sababu udongo wao wa majivu ya volkano chini ya Menengai hupitisha maji haraka. Kila baada ya miaka minne au mitano fukua kichaka, kigawe kwa jembe, na uwagawie majirani.

"Asumini huleta nyoka." Hili nimelisikia Kisumu, Kakamega na hata pwani, kulekule wanakofunga vikuba, yaani vishada vidogo vya kujipamba, vya asumini. Nyoka hafuati harufu ya ua. Anafuata chura, panya na mjusi, na anapenda mahali penye kivuli na pa kujificha. Mwasumini ukiachwa ukawa zulia zito chini, utamficha kama kichaka kingine chochote. Upandishe kwenye waya, upogoe baada ya kuchanua, ufagie chini yake. Kuuzalisha ni rahisi: kata kijiti cha sentimita 15, ondoa majani ya chini, kichomeke kwenye mchanga wenye unyevunyevu, kivulini.

Azalea, kichaka kingine cha maua ya A, hatukuipanda, kwa sababu hutaka udongo wenye tindikali kama ule wa mashamba ya chai ya Kericho na Nandi. Ukiwa nayo huko, usisikilize anayekuambia majivu ya jikoni ni mbolea ya kila ua. Majivu hupunguza tindikali, na azalea hujibu kwa majani ya manjano.

Sasa alizeti. Kila mtu anajua kwamba hulifuata jua kutwa. Linalofanya hivyo ni changa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walieleza katika jarida la Science jinsi shina linavyorefuka zaidi upande wa mashariki mchana, na upande wa magharibi usiku, hivyo kichwa kikageuka na kurudi. Ua likikomaa shina hukakamaa, na kichwa hubaki kikitazama mashariki. Hupata joto mapema asubuhi, na nyuki hulipendelea.

Sisi tulikuwa tumepanda mbegu, kina cha sentimita tatu, palepale zinapokaa maana mizizi yake haipendi kuhamishwa, mbele ya baraza inayotazama mashariki. Yalipochanua yote yalitupa mgongo. Binti yangu alizunguka, akasimama upande wa pili karibu na uzio wa jirani, akatazama nyuso zote kwa pamoja. Mvua za vuli tukachimba mashimo mapya nyuma ya nyumba, mbele ya dirisha lake la magharibi, hatua kumi kutoka ukutani.