Kompaila ya C kwa ajili ya DOS, na folda iliyonikesha

Siandiki programu ndani ya DOS yenyewe, ule mfumo wa zamani wa kompyuta. Naandika kwenye Linux, kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu kamili) inanitolea faili ya .EXE, naijaribu kwenye DOSBox, programu inayoiga kompyuta ya DOS. Natumia Open Watcom, kizazi cha ile Watcom ya Kanada iliyotumika kujenga Doom mwaka 1993. Wapo wanaoapa kwa DJGPP, yaani GCC, kompaila ya mradi wa GNU, iliyohamishiwa DOS. Sina ugomvi nayo, ila yenyewe ni ya biti 32 tu, nami nataka programu zangu ziende hata kwenye 286, prosesa ya zamani ya biti 16.

Ukishaiweka kwenye /opt/watcom, andika:

export WATCOM=/opt/watcom
export PATH=$WATCOM/binl64:$PATH
export INCLUDE=$WATCOM/h

Mstari wa tatu, unaoiambia kompaila pa kutafuta heda (faili za .h ambazo msimbo wako huziita), ndio ulionikesha. Mle ndani kuna folda h na nyingine lh. Kwa kuwa nipo Linux, nikachagua lh bila kufikiri mara mbili. Kompaila ikashikilia kwamba haioni graph.h, heda ya michoro, na mimi naiona kwa macho yangu! Kumbe lh ni ya programu zitakazoendeshwa Linux. Heda hufuata programu inakokwenda, inakotengenezwa hakuhusiki.

Kisha amua: biti 16 au 32?

wcl -bt=dos -l=dos -ms salamu.c

Hiyo ni ya biti 16. Herufi -ms ni modeli ndogo: KB 64 za msimbo, KB 64 za data, basi. Ukizidi, tumia -ml, ambapo kila pointa (anwani ya kumbukumbu) hubeba segmenti, yaani kipande cha kumbukumbu, na ofseti, yaani nafasi ndani yake, jumla baiti 4, na kasi inapungua kidogo. Mtego mkubwa hapa ni int, aina ya namba kamili ya C. Ina baiti 2, mwisho wake 32,767. Niliwahi kuandika kitanzi cha kuhesabu hadi 40,000 kwa int, nikaenda kuchemsha chai, nikarudi bado kinazunguka. Kilikuwa kikifika ukingoni kinaangukia namba hasi na kuanza upya. Tumia long.

Kwa biti 32:

wcl386 -bt=dos -l=dos4g salamu.c

Hapa int ni baiti 4 na hesabu za segmenti unazisahau, lakini lazima prosesa iwe 386 au zaidi. Unapomnakilia mtu programu hiyo, mpe na DOS4GW.EXE, programu inayoiwezesha kwenda kwa biti 32 ndani ya DOS, iwekwe folda moja nayo. Na majina ya faili yasizidi herufi 8, nukta, kisha 3.